Mwenye Gemu Ni Nani

Edina alipoleta mkataba, Wema alikuwa kwenye siku ya kumi na moja bila kusikia kitu chochote moyoni. Alikuwa akila, akilala, akifungua kibanda chake cha gemu pale Mwanga, mjini Kigoma, saa mbili asubuhi na kukifunga jioni, akiwatenganisha wateja wanaogombania pedi za kuchezea, na yote hayo yalikuwa yakipita mbali naye, mithili ya redio ya jirani. Kwao walisema mtu aliyefikwa na jambo hulia siku tatu, ya nne akaoga. Yeye hakulia hata hiyo moja. Mwanzoni alijishangaa, halafu hata mshangao nao ukamwishia.

Chanzo kilikuwa simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Wema, nimejiandikisha kurudi Burundi," Hamdani alimwambia. "Msafara wetu ni tarehe ishirini na mbili."

"Haya," alijibu Wema.

Hamdani akangoja. Nyuma yake zilisikika sauti za watu kwenye foleni ya maji.

"Haya tu?"

"Haya, nimesikia."

Basi. Miaka mitatu ya mapenzi ikaishia kwenye neno ambalo mtu humjibu hata muuza karanga. Wema aliweka simu juu ya runinga, akamrudishia mteja chenji yake, na tangu saa ile akawa hivyo alivyo.

Na mapenzi yenyewe hayakuwa ya kubahatisha. Walikutana mwaka 2015, wakati Warundi walipokuwa wakiingia Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu, wakaletwa mjini kwa meli na kuwekwa uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa kambini. Wema alikwenda uwanjani na akina mama wa parokia kugawa uji. Kijana mmoja mrefu, fulana imechanika begani, aliukataa uji, akamnyooshea simu.

"Dada, uji nitakunywa kesho. Leo nisaidie chaji. Mama yangu hajui kama nimevuka."

Wema aliichukua ile simu, akaichaji kibandani kwake, akairudisha jioni. Mwenye macho haambiwi tazama: akina mama wa parokia walikuwa wameshaanza kukonyezana. Kijana alikuwa mtu wa Buyenzi, kule Bujumbura, Kiswahili kinamtoka bila taabu. Alipopelekwa Nyarugusu, wakabaki na simu, na mara chache kibali cha siku mbili tatu cha kutoka kambini, ambacho ukichelewa nacho unajitafutia makubwa.

Huko kambini ndiko Hamdani alikojifunza kutengeneza gemu, kwa kompyuta iliyopasuka kioo, darasani kwa vijana. Aliitengeneza moja akaiita Anua. Mchezo wenyewe ni mwepesi: wewe ni mama wa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, umeanika dagaa mchangani. Kunguru wanakuja, unawafukuza. Mbuzi wa jirani anakuja, unamfukuza. Halafu mvua inakuja, na hapo huna wa kumfukuza. Unaanua mbio mbio kabla dagaa hawajalowa. Ukiona mtu mzima na akili zake amekaa barazani akipiga kidole kwenye simu na kusema "anua, anua, anua", ujue hiyo ndiyo gemu.

Kuiweka mtandaoni kulitaka laini ya simu iliyosajiliwa na kitambulisho. Mkimbizi atavitoa wapi? Wema akatoa kitambulisho chake cha mpigakura, bila hata kufikiri mara mbili. Nani Kigoma hakuwahi kumsajilia rafiki wa kambini laini kwa jina lake? Lilikuwa jambo la kawaida, sawa na kumwazima mtu mwavuli. Kwa hiyo gemu ikaingia duniani ikiwa na mwenyewe, naye aliitwa Wema Feliksi Ntakije, mwanamke asiyejua kutengeneza hata saa ya mchezo huo.

Wazee wa Hamdani walikuwa wamekwisha kwenda kwa akina Wema kuposa, wiki tatu kabla ya mkataba kuletwa. Walikuwa wawili, sheikh mmoja wa Ujiji na jamaa yake wa Buyenzi. Baba yake Wema, Mzee Feliksi, aliyestaafu kazi ya reli, aliwapokea kwa heshima zote, akachinja kuku, na chakula kilipokwisha akanawa mikono akasema:

"Wazee wangu, Mrundi kwangu si mgeni. Bibi yangu mzaa baba alivuka Malagarasi akiwa mgongoni. Dini tungeizungumza. Mahari ningesubiri. Lakini kijana wenu hana mlango. Siku nikitaka kujua binti yangu kaamkaje, nitabisha hodi wapi? Leo yuko hema namba hii, kesho anaambiwa panda basi. Siwezi kumwoza mtoto kwa mtu asiyekuwa na mlango."

Wazee walishukuru kwa kuku, wakaenda zao. Siku tisa baadaye Hamdani akajiandikisha kurudi.

Sasa tuje kwa huyo Edina.

Edina alikuwa Mpare wa Same, mwanamke wa makamo, mwenye kucheka kwa sauti na kuuliza maswali bila haya. Kampuni moja ya gemu ya Ufini, iitwayo Saloniemi, ilimtuma kuzunguka Tanzania kutazama kama kuna soko. Wema aliijua nchi ya Ufini kwa sababu moja tu: ndiko walikotoka wale wenye simu za kitochi zisizokufa hata zikianguka chooni. Edina alikuwa amepita Mwanza na Tabora, na Kigoma alikuja mara mbili. Mara hii ya tatu alikuja na bahasha.

"Mdogo wangu, kaa chini," alisema, akijipepea kwa bahasha hiyo hiyo. "Kaa, maana nikikueleza ukiwa umesimama utaanguka."

Wema akakaa. Kibandani hapakuwa na wateja asubuhi ile isipokuwa mtu mmoja aliyeinama nyuma ya runinga ya tatu, bisibisi mkononi. Mtu huyo alikuwa Hamdani. Alikuwa amefika jana yake kwa kibali cha siku mbili, kuja kuaga. Wema alimwambia Edina kwamba ni fundi, na Edina hakumtazama mara ya pili.

Walikuwa wamekubaliana hivyo usiku kwa simu, Hamdani akiwa amelala kwa sheikh Ujiji. Alimwambia: "Sema ni yako. Uza. Nikifika Bujumbura nitatengeneza nyingine, nitakutumia, wewe utawapelekea. Kila siku tutakuwa na la kuzungumza." Wema alijibu "haya", kwa sababu neno hilo ndilo lililokuwa limebaki kinywani.

"Wazungu wangu walitaka kuifuta Kigoma kwenye ramani," Edina aliendelea. "Mashine zao zinasema gemu yako imechukuliwa mtandaoni na watu mia mbili na kidogo. Nikawaambia, ngojeni. Nikaenda stendi ya bajaji, kila dereva anayo. Umeitoa wapi? 'Nimerushiwa, simu kwa simu.' Aliyekurushia? 'Naye karushiwa.' Nikapanda boti mpaka Mwamgongo, nikatapika njia nzima, mdogo wangu, nikashuka nimelegea. Wa kwanza niliyemkuta ufukweni, bibi hana meno, ananiambia nimpishe, mvua inamjia. Anacheza Anua."

Alicheka mwenyewe. Wema akatabasamu inavyopaswa.

"Unaelewa maana yake? Wachezaji wapo, tena wengi, ila hawaonekani. Kampuni za nje zinaleta gemu nzito zinazojaza simu, zinasema Kiingereza, na malipo ni kwa kadi ya benki. Hapa Mwanga nani ana kadi ya benki? Wewe unayo?"

"Sina."

"Basi. Mlango uko wazi na hakuna aliyeingia. Gemu nyepesi, ya Kiswahili, mtu analipa mia mbili kwa simu yake kama anavyonunua vocha. Nimewaandikia hivyo, kurasa arobaini. Wamekubali. Wataanza na Anua." Akagonga bahasha kwa kidole. "Na wanamtaka aliyeitengeneza aende kwao miaka miwili, akae na wenzake, atengeneze nyingine. Tiketi juu yao, makazi juu yao, jina lake mbele ya gemu. Ni wewe huyo, Wema."

Nyuma ya runinga bisibisi ikaacha kuzunguka.

Hilo halikuwa kwenye makubaliano yao. Wao walidhani ni kuuza tu, bila mtu kwenda kokote. Wema alijua kwamba angepaswa kushtuka, akajipapasa ndani, akakuta pako vile vile.

"Nisipokwenda?" aliuliza.

"Utauza hii moja, yataisha hapo. Wao wanatafuta mkono, hawatafuti kitu kimoja." Edina akafungua daftari. "Halafu kuna swali wameniganda nalo. Vijana wao waliijaribu wakashindwa. Wanasema mvua inakuja ovyo, haina dalili. Wanataka kuirekebisha, ihesabiwe kwa saa. Wewe mvua uliipanga vipi?"

Wema aliinamisha macho kwenye daftari. Alikuwa ameicheza Anua zaidi ya mara elfu na hakuwahi kujiuliza.

"Inakuja tu," alisema.

"Inakuja tu vipi? Kuna mahali umeandika."

Nje, cherehani za mafundi nguo zilikuwa zikikimbizana.

"Wasiirekebishe," ilisema sauti nyuma ya runinga. "Dalili ipo. Watazame milima ya Kongo."

Edina akageuka. Hamdani alikuwa bado amepiga magoti, anaongea na nyaya.

"Ng'ambo ya ziwa, pale juu kwenye picha, kuna milima. Kukiwa kweupe inaonekana. Mvua ikitaka kuja, milima inapotea kwanza, kidogo kidogo kutoka kulia. Ikipotea yote, una pumzi ishirini. Nilikaa pale Kibirizi nikingoja gari la kutupeleka kambini, nikaona akina mama hawatazami juu kabisa, wanatazama Kongo. Nikahesabu na..."

"Nikahesabu?" alisema Edina polepole. "Wewe ni nani?"

"Fundi tu, dada."

"Fundi wa runinga?"

"Ego," aliitikia kwa Kirundi. "Ndiyo, wa runinga."

Edina alimtazama Hamdani, akamtazama Wema, kisha akafunga daftari. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuuliza maswali nchi nzima; hakuwa mtu wa kudanganywa na bisibisi.

"Nitauliza mara moja," alisema. "Nikipata jibu ndilo nitakaloliandika, na sitauliza tena. Mwenye gemu ni nani?"

Wema alihisi macho ya Hamdani shavuni. Aliyajua macho yale hata bila kugeuka. Ndiyo yaliyomtazama uwanjani, siku ile ya chaji. Yalikuwa yakimwomba aseme ni yake. Neno moja tu, na uzi wao ungebaki: yeye Mwanga, Hamdani Bujumbura, gemu ikipita katikati, na kila siku la kuzungumza.

"Ni huyu," alisema Wema. "Anaitwa Hamdani. Yuko Nyarugusu, na tarehe ishirini na mbili anapanda msafara wa kurudi Burundi. Mimi nilimpa jina langu kwa sababu yeye hakuwa na karatasi."

"Wema," alisema Hamdani.

"Nimeulizwa, nimejibu."

Alijisikia anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mteja kwamba mechi yake imekwisha. Edina alivuta pumzi ndefu.

"Mtaniua nyinyi," alisema. "Kwa hiyo kila nilichowaandikia watu ni uongo."

"Soko si uongo," Wema alisema. "Jina ndilo lililokuwa si lenyewe."

Edina alitoka nje na simu yake, akapiga, akazungumza Kiingereza kirefu akizunguka kwenye jua. Ndani, Hamdani alisimama, akajifuta magoti. Walikuwa hatua tatu mtu na mwenzake, na hakuna aliyezipunguza.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Umesikia."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya kuuza. Hatukukubaliana kwamba utanitengenezea kazi mpaka uzee, jina langu liwekwe mbele, mimi niwe nasifiwa."

"Mimi sikutaka sifa. Nilitaka sababu ya kukupigia simu."

Wema alimwangalia. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzunguka shingo ikiwa na nafasi. Zamani kuiona shingo ile kungemfanya akimbilie jikoni kusonga ugali. Sasa aliiona tu.

"Ulijiandikisha bila kuniuliza," alisema.

"Baba yako alisema sina mlango. Nikasema basi, niende nikautafute ulipo. Nyumba yetu ya Buyenzi anakaa mtu mwingine, najua. Lakini angalau nitakuwa nagombana na mtu juu ya mlango wangu mwenyewe."

"Unaogopa kurudi?"

Hamdani aliizungusha bisibisi kiganjani.

"Ego," alisema. "Naogopa."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia narudi, ukaniambia haya. Nilikuwa naongeza nini hapo?"

Jambo likiwaumiza mkiwa wawili, mmoja akajifanya jiwe, huyo mwingine atalia na nani? Hilo Wema aliliona wazi na lilimpita bila kumgusa.

Edina alirudi, jasho linamtiririka.

"Wamekubali," alisema. "Walishawahi kuwachukua vijana wawili wa Kikongo kutoka kambini kwa njia hiyo hiyo, wakili wao anaijua. Lakini saa zinatukimbiza. Kijana yuko kwenye msafara wa tarehe ishirini na mbili, si ndiyo? Mpaka tarehe ishirini niwe nimefikisha barua kwa mkuu wa kambi, jina litoke kwenye orodha, hati ya kusafiria ianze kushughulikiwa. Na barua haiandikwi mpaka mkataba uwe na jina lake. Kibali chako kinakwisha lini?"

"Leo saa kumi."

"Basi ni sasa hivi. Unakwenda au huendi?"

"Oya," alisema Hamdani, akikataa kwa Kirundi. "Siendi."

Edina alichukua pochi yake. "Nakwenda kunywa chai kwa Marcelina pale kona," alisema. "Nikirudi mniambie moja."

Walipobaki wawili, Hamdani alisogea. Hatua zile tatu zikawa moja. Alinuka sabuni ya mche na vumbi la safari.

"Niambie nibaki," alisema. "Niambie, Wema, mimi leo leo nafuta jina kwenye msafara, nabaki Nyarugusu. Kibali kila mwezi. Tumeishi hivyo miaka mitatu, hatukufa."

"Utabaki mpaka lini?"

"Mpaka baba yako achoke kukataa."

"Baba hachoki. Amekaa miaka thelathini na moja akingoja treni zinazochelewa." Wema aliichukua pedi moja mezani, akaizungusha waya wake taratibu, akaiweka. "Sikiliza, Hamdani. Ukibaki, laini itakuwa ya jina langu. Gemu itakuwa ya jina langu. Nyumba ikipatikana, mkataba wa nyumba jina langu. Tukizaa, utakwenda kumwandikisha mtoto, watakuuliza karatasi, utarudi kuniita. Nitakuwa nakupenda huku nimekuandikia jina langu juu ya kila kitu mpaka wewe mwenyewe huonekani. Wewe utanivumilia miaka mingapi?"

"Yote."

"Unasema hivyo kwa kuwa ni asubuhi."

Hamdani alicheka kidogo, bila kupenda. Kisha macho yake yakajaa maji, na hakuyaficha. Wanaume wa Buyenzi, alikuwa akimwambia zamani, hulia hadharani halafu wakaendelea na kahawa.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe hulii. Toka jana nakutazama. Hunipendi tena?"

Swali lilikuwa zuri na Wema alitaka kulijibu kwa haki.

"Sijui niko wapi," alisema. "Nakutazama na sioni kitu. Toka siku ile ya simu niko hivi. Kama nakupenda, basi upendo umelala mahali na haujanipa taarifa. Lakini najua jambo moja, na hili silihitaji moyo kulijua. Yule bibi wa Mwamgongo anacheza mchezo uliouhesabu wewe kwa macho yako, na hajui kama upo. Mimi sitaki awepo mtu mwingine asiyejua."

"Miaka miwili ni mingi, rukundo, penzi langu."

"Najua."

"Utaolewa."

"Labda."

"Usiseme labda. Nidanganye."

"Nimeshamaliza kudanganya leo," alisema Wema.

Alimshika mkono, mara ya kwanza tangu afike. Ulikuwa wa moto. Wakakaa hivyo, bega kwa bega juu ya benchi la wateja, wakitazama runinga nne zilizozimwa, mpaka Edina alipobisha hodi kwenye fremu ya mlango, akakohoa.

"Enhe?"

"Anakwenda," alisema Wema.

Edina akamtazama Hamdani. Hamdani akainamisha kichwa kukubali, mara moja.

"Mungu awabariki." Edina alifungua bahasha, akapanga karatasi juu ya meza, moja ameiandika kwa mkono kule kwa Marcelina, akazikandamiza kwa pedi zisipeperushwe na feni. "Tunaanza na wewe, mdogo wangu. Unamkabidhi alichokuwa nacho kwa jina lako. Hapa nimeacha nafasi, uandike kwa mkono wako mwenyewe, mawakili ndivyo wanavyotaka. Andika: Mimi, Wema Feliksi Ntakije, sina haki yoyote juu ya gemu hii."

Wema akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Masista walimchapa vidole mpaka ukanyooka.

"Halafu mstari wa pili." Edina alisita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapa wanaogopa mtu asije akaibuka baadaye akasema ni mali ya familia. Andika: Sina uhusiano wa ndoa, uchumba, wala undugu na ninayemkabidhi."

Kalamu ikasimama.

"Na kama upo?" aliuliza Hamdani.

"Kama upo unaandikwa. Na ukiandikwa, itabidi wazee wa pande zote mbili waitwe mbele ya mwanasheria, watie sahihi kwamba hawana dai. Mwezi mzima huo, tena kwa kuwahi." Edina hakuwa anamtazama yeyote. "Na msafara ni tarehe ishirini na mbili. Mimi siwaulizi kitu. Nawasomea karatasi tu."

Hamdani alinyoosha mkono kwenda kwenye kalamu. Wema akausogeza wake pembeni.

"Niache," alisema.

"Wema, hiyo si kweli. Wazee wangu walikuja kwenu. Walikula kuku."

"Baba aliwakatalia. Kwa karatasi ni kweli."

"Mimi sikuulizi karatasi."

Alianza kuandika. Sina. Uhusiano. Neno la ndoa lilimpita kirahisi, halikuwahi kuwa lao. Alipofika uchumba, kidole cha shahada kikaanza kumchoma, kwanza kwa mbali, halafu kiganja kizima, vile unavyochomwa mguu uliokuwa umeukalia unapoanza kuzinduka. Alidhani ni kalamu. Akaishika vizuri, akamaliza herufi, akaandika wala undugu na ninayemkabidhi, akaweka nukta. Akatia sahihi. Maumivu yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kiwiko na yakaendelea kupanda.

Hamdani aliisoma karatasi yote, taratibu, midomo ikicheza.

"Umeandika vizuri," alisema.

Edina akaigeuza karatasi ya pili upande wake, akamwonyesha mstari mtupu. Juu yake palichapwa: Mwenye gemu.

"Jina kamili," alisema. "Kama unavyotaka lijulikane."

Miaka mitatu Hamdani alikuwa hajaulizwa swali hilo ila kwenye foleni ya mgao wa chakula. Aliinama. Aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, akitoa ulimi kidogo kama mwanafunzi: HAMDANI SAIDI NDAYIZEYE. Kisha akanyanyua kichwa kutafuta kama Wema ameona.

Wema alikuwa ameona. Alikuwa amesimama katikati ya kibanda chake, mikono imemlegea, akilia kwa sauti, na mafundi nguo wa jirani walikuwa wamesimamisha cherehani zao kusikiliza.